Makabati ya Vioo: Kisa cha Chumba cha Watoto, Iringa

Mtoto wa kike wa darasa la tatu alisimama katikati ya chumba, mikono ameifunga mgongoni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliangalia kabati la kwanza, akasogea la pili, akafika la nne, kisha akamgeukia dada yake na kumuuliza kwa sauti ya chini: "Tumemaliza?" Walikuwa wamekaa humo ndani muda usiotosha hata kuchemsha chai.

Mimi nilikuwa mezani na daftari la wageni, na swali lile lilinichoma. Katika chumba hichohicho, muhula mmoja nyuma, watoto walikuwa wanatoka kwa kubembelezwa, jua limeshazama na mama zao wameshatuma watu kuwafuata. Kitu kilikuwa kimeharibika, na tulikuwa tumekiharibu wenyewe siku ambayo wote tulidhani tunapiga hatua.

Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu walimu wa Mafinga, Njombe na Mbeya wananiuliza namna ya kuanzisha makumbusho madogo ya watoto ya kushika na kujaribu. Wanauliza habari ya jengo. Wanauliza vifaa vinapatikana wapi, na kibali kinaombwa kwa nani. Hadi leo hakuna aliyeanza kwa kuniuliza habari ya fundi.

Barazani Kihesa

Wazo lilitoka Isimila. Mimi na mwalimu mwenzangu tulikuwa tumewapeleka wanafunzi kule, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Walitembea bondeni kati ya nguzo zile ndefu zilizochongwa na mvua na upepo, wakaonyeshwa zana za mawe zilizotengenezwa na watu wa kale kiasi cha miaka 260,000 iliyopita. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, walikuwa wanalishikaje?" Nikamwonyesha kwa mkono mtupu, nimekunja vidole hewani. Akatikisa kichwa kwa heshima tu. Nilijiona kama mtu anayefundisha kuogelea ubaoni.

Mji wetu wenyewe una jiwe la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Watoto wanakua wakilitazama pale juu ya mji. Wakija darasani, mawe yao yanakuwa picha kwenye kitabu.

Mama mmoja mwenye nyumba, mtaa wa Kihesa hapa mjini, alituachia baraza siku za Jumamosi bila kodi. Tuliweka meza mbili. Palikuwa na bao, kinu kidogo na mchi wake, fungu la milulu ya kusukia vikapu, sumaku tuliyoitoa kwenye spika mbovu, gurudumu la mbele la baiskeli, na roda mbili zilizofungwa kwenye boriti na ndoo ya mchanga ikining'inia chini. Chini kabisa, kwa sababu hakuna meza ambayo ingelibeba, palikuwa na jiwe la kusagia la bibi yake mama mwenye nyumba.

Jiwe hilo ndilo lililotufundisha kazi. Mtoto anapiga magoti, anamwaga ulezi, anashika jiwe dogo kwa mikono miwili na kusukuma kwa nguvu za mabega. Punje zinabiringika tu na kuruka pembeni. Anaongeza nguvu, zinaruka zaidi. Bibi, akiwa amekaa kwenye kigoda chake, anamwacha ahangaike kwanza. Halafu anasema, "Inua kiuno. Mwili ndio unaosaga, mikono inaongoza njia tu." Mtoto anajiinua, uzito wa kifua unashuka kwenye viganja, jiwe linatoa mlio mwingine, mzito, na unga wa kwanza unatokea ukingoni. Harufu yake inafika kabla hujauona. Kila mtoto anaulamba, na tumeacha kuwakataza.

Siku moja kijana wa darasa la tano aliweka kiganja katikati ya jiwe, pale palipobonyea, akaona mkono wake wote umezama. "Bibi, lilichongwa hivi?" Bibi akamjibu kwamba lilikuwa bapa alipolikuta kwa mama mkwe wake, na mama mkwe naye alilikuta kwa wake likiwa limenyanyuka. Kijana alikaa kimya muda mrefu. Shimo lile lilikuwa kazi ya wanawake waliopita, na alikuwa ameligusa kwa kiganja chake. Nimefundisha maarifa ya jamii miaka mingi na sijawahi kupata kimya cha namna ile darasani.

Kutoka barazani tukahamia fremu ya duka lililofungwa, kisha tukapata na chumba cha nyuma. Vitu viliongezeka kwa michango ya wazazi.

Tulivyokubali makabati

Mfadhili mmoja, mtu mwema kabisa, alitutembelea na kuguswa. Aliporudi alileta makabati manne ya vioo yenye kufuli, na maelezo yaliyochapwa vizuri. Yeyote anayedhani tulikosea kwa uzembe anapaswa kujua hali yetu ilivyokuwa muhula ule. Mchi ulikuwa umepasuka. Sumaku imepotea. Njiti za gurudumu zimepinda mpaka halizunguki tena. Baba mmoja alisimama mlangoni akauliza kama hiki ni chumba cha elimu au jalala, na sikuwa na jibu.

Tena kulikuwa na mkuki. Mzee mmoja kutoka upande wa Kalenga alituletea mkuki wa babu yake, akauweka mezani kwa mikono miwili. "Mwalimu, nimeuleta ili wajukuu wauone. Lakini ukipotea, mimi sina mwingine." Mtu akikupa kitu kwa maneno hayo, utatafuta kufuli. Tukaufungia. Tulipokwisha kuufungia mkuki, bao likaonekana nalo linastahili kufungiwa, kisha vikapu, kisha roda. Jiwe la kusagia lilizungushiwa kamba.

Watu wazima walifurahi, na hilo lilituchelewesha kuona. Wageni wenye vyeo walisema sasa pamekuwa makumbusho kweli. Wazazi walipiga picha. Daftari ndilo lililosema ukweli: zamani Jumamosi moja ilijaza kurasa mbili, na ulipoisha muhula ule ukurasa mmoja ulitosha Jumamosi tatu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba majina hayakujirudia. Zamani mtoto mmoja aliandika jina lake wiki sita mfululizo. Sasa kila jina lilikuwa jipya, limeandikwa mara moja, basi.

Waliopita njia hii kabla yetu

Nilipotafuta habari za makumbusho ya watoto duniani nilifarijika, kwa sababu tatizo letu lina umri mkubwa. Ya kwanza ilifunguliwa Brooklyn, New York, tarehe 16 Desemba 1899. Aliyeijenga jina hasa ni Anna Billings Gallup, mwalimu wa sayansi aliyeingia mwaka 1902 na kuiongoza tangu 1904 hadi 1937. Yeye aliwapa watoto ruhusa ya kushika vitu vya mikusanyo. Boston ikafuata mwaka 1913, nayo ilianzishwa na walimu wa sayansi. Indianapolis, ambayo leo inahesabiwa kuwa kubwa kuliko zote, ilianza mwaka 1925 ndani ya banda la kuwekea magari ya farasi. Banda, baraza, sioni tofauti kubwa.

Ya Boston ndiyo iliyofanana na yetu. Ilikua, ikakusanya vitu, na vitu vikaishia ndani ya makabati. Mwaka 1962 akaja mkurugenzi kijana, Michael Spock, aliyekuwa na shida ya kusoma tangu utotoni, mtu ambaye maelezo ya ukutani hayakuwahi kumsaidia. Alianza na maonyesho yaliyowapa watoto nafasi ya kuona ndani ya vitu vya kila siku, mpaka kilichomo chini ya barabara wanayopita. Kitu kikikatwa katikati, hakuna haja ya kumweleza mtoto kwa maneno marefu. Mwaka 1979 wakahamia kwenye ghala la zamani la sufu kando ya maji, na watu wengi wanaposimulia kukua kwao wanaanzia kwenye ghala hilo. Mimi naona walikua pale vioo vilipoondoka.

Lakini hata hapo sikuwa nimepata jibu la mchi uliopasuka. Kuondoa kioo ni rahisi. Siku ya pili kitu kinavunjika, na unarudi kwa baba yule aliyesimama mlangoni.

Jibu nililipata San Francisco, kwa kusoma, si kwa kwenda. Mwaka 1969 Frank Oppenheimer, mwanafizikia aliyewahi kufundisha sekondari katika mji mdogo wa Colorado, alifungua Exploratorium, jumba la sayansi ambalo kila kitu ndani yake ni cha kujaribu. Karakana hakuificha nyuma. Aliiweka wazi, wageni wakiwaona mafundi wakichomelea, wakitengeneza vipya na kurekebisha vilivyochoka. Nilisoma aya hiyo mara tatu. Sisi fundi wetu tulikuwa tunamwita Jumatatu, watoto hawapo, kama mtu anayekuja kusafisha aibu.

Meza ya fundi mlangoni

Tulifanya mabadiliko mawili, na la kwanza lilikuwa kugawa vitu upya kwa haki.

Mkuki ulibaki kwenye kioo. Hili nalisema kwa mkazo, maana wapo wanaodhani chumba cha kushika maana yake ni kushika kila kitu. Watoto wetu tunawapeleka makumbusho ya Kalenga, wanasimama mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na hakuna mtoto anayetamani kugusa. Wanaelewa wenyewe kwamba kile ni kioo cha heshima. Tulichokuwa nacho sisi kwenye bao na vikapu kilikuwa kioo cha woga, na mtoto anavijua vyote viwili haraka kuliko sisi.

Kulikuwa pia na jambo la sheria. Kijana mmoja alitujia na jiwe la kale kwenye mfuko wa rambo, amelitoa korongoni, uso wote unang'aa kwa furaha ya kutupa zawadi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na zana ya mawe ya enzi zile haina mjadala. Tena jiwe likishaondolewa mahali pake, mtafiti hawezi tena kujua lilikuwa limelala tabaka gani na kando ya nini. Tulikwenda naye hadi ofisi inayohusika, tukalikabidhi pamoja, na nilihakikisha yeye ndiye anayeeleza alipolitoa. Hakurudi na jiwe, ila alirudi na kazi: kuongozana na fundi kutafuta mawe ya kawaida ya kuchongea nakala.

Fundi wetu ni seremala, na mawe yalimshinda wiki kadhaa. Alipiga katikati, likapasuka vipande viwili visivyofaa. Alipiga kwa nguvu zaidi, likawa kokoto. Baadaye aligundua kwamba unapiga karibu na ukingo, kwa mshazari, na pigo lile linabandua gamba upande wa chini ambao macho hayauoni. Kila gamba linaacha kovu, na kovu hilo ndilo linaloandaa pigo linalofuata. Inabidi ufikirie upande ambao huuoni. Watoto hawaruhusiwi kupiga, kwa sababu ya vipande vinavyoruka machoni. Wanasimama mbali na fundi anavaa miwani. Nakala zikikamilika ndipo wanazishika, na kukatia ngozi kavu ya mbuzi wakiwa na mtu mzima pembeni. Mtoto mmoja anayetumia mkono wa kushoto aligeuza jiwe mara mbili tatu, akasema, "Hili ni la mkono wa kulia." Tulilijaribu wote. Alikuwa sahihi.

Badiliko la pili: meza ya fundi tuliitoa nyuma tukaiweka mlangoni kabisa, na ukarabati ukahamia Jumamosi. Kitu kikivunjika hakifichwi. Mtoto aliyekivunja, au aliyekiona, anaandika kwenye daftari la pili kimevunjika nini, wapi, na anadhani kwa nini. Hagombezwi. Kisha anakaa na fundi mpaka kinapona.

Daftari hilo la pili lina thamani kuliko la wageni. Kamba ya roda, kwa mfano, ilikatika mara tatu. Tulikuwa tunanunua nyingine na kulaumu ubora wa kamba za siku hizi. Watoto wawili walipanga vile vipande sakafuni na kuona vyote vimelika kwa umbali uleule kutoka kwenye fundo. Wakapanda ngazi na fundi, wakakuta ukingo wa boriti ni mkali pale kamba inaposugua. Fundi akapigilia kipande cha bati kilichokunjwa, na kamba ile ipo hadi leo. Katika shughuli hiyo waliligundua na lile la vitabuni: roda moja inabadili tu upande wa kuvutia, lakini ya pili ikitembea na mzigo, ndoo inakuwa nyepesi nusu, na kamba unayoivuta inakuwa ndefu mara mbili. Hakuna mwalimu aliyewaambia. Mmoja wao alihesabu kamba kwa hatua za miguu.

Hata mfano wetu wa kimondo ulizaliwa kwenye meza ile. Mtoto aliyewahi kufika Mbozi alikuwa anabishana na wenzake kwamba kimondo cha urefu wa mita 3 hivi kina uzito wa tani 16 hivi, nao wakamwona mwongo. Fundi akachukua kichwa cha nyundo kubwa, akachonga jiwe la kawaida mpaka likalingana nacho, akampa mbishi mmoja avishike vyote, huku na huku. Mkono mmoja ulishuka. Kimondo kile karibu chote ni chuma, na chuma kinalizidi jiwe la kawaida karibu mara tatu kwa uzito. Vitu hivyo viwili havina maelezo yoyote ukutani, na ndivyo vinavyoshikwa kuliko vyote.

Yaliyotugharimu

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Kigari cha kupandisha mizigo kwenye mteremko kilimbana mtoto kidole, kucha ikatoka. Mama yake alikuja jioni ile, hakupiga kelele. "Mwalimu, nilikuachia mwanangu na vidole vyake kumi." Nilimwomba radhi, na ninaendelea kuomba radhi ninapoandika haya. Kigari kile kilikuwa kimeandikwa kwenye daftari wiki mbili kabla, kwa mwandiko wa mtoto: "gurudumu linakaa karibu sana na ubao." Tulisoma, tukaahirisha. Sasa chochote kilichoandikwa kinatolewa chumbani siku hiyohiyo hata kama ndicho kipenzi chao, na tunaanza asubuhi kwa kupitisha mikono yetu wenyewe kwenye kila ukingo.

Fedha nazo zina tabia yake. Mtu yuko tayari kununua kitu kipya na jina lake liandikwe, lakini misumari, gundi na posho ya fundi havimvutii mtu. Tumejiwekea kwamba katika kila shilingi kumi inayoingia, tatu ni za matengenezo kabla hatujafikiria kingine. Zawadi mbili tumezikataa kwa sababu hiyo, moja ikiwa mashine nzuri inayotaka umeme usiokatika na vipuri ambavyo havipatikani hapa. Ilituuma. Kitu kisichoweza kufunguliwa na fundi wa Iringa hakina nafasi kwenye chumba chetu, na katika hilo sijabadili mawazo.

Makabati tuliyatoa milango, isipokuwa lile la mkuki, na mfadhili alikubali nilipomweleza ana kwa ana. Kati ya vioo viwili tukajaza udongo na kupanda maharage na mahindi. Ukiinua kitambaa cheusi, unaona mizizi ikishuka ikigusa kioo. Watoto wanaiwekea alama kwa kalamu kila Jumamosi.

Kukua kwetu siku hizi hakuonekani kwa nje. Vyumba ni vilevile viwili. Yapo masanduku ya mbao yanayokwenda shuleni kwa bajaji, kila moja na milulu, bao dogo, nakala ya jiwe na bisibisi. Yupo mtoto asiyeona anayekuja na kaka yake, ambaye alituambia kikapu kimoja kilisukwa na watu wawili kwa sababu mkazo wa mkono unabadilika katikati. Tulimuuliza aliyekileta, ni kweli, mama alianza na binti akamalizia. Na watoto wakitoka kwetu kwenda Boma, makumbusho ya mkoa yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwenye jengo la enzi za Wajerumani, walimu wao wanasema maswali hayaishi.

Walimu wa Mafinga walipotaka tuwafungulie tawi, tuliwaambia walete fundi wao kwanza, akae na wetu mwezi mmoja. Walimleta binti anayetengeneza baiskeli. Jumamosi iliyopita alikuwa mlangoni na gurudumu letu la mbele mezani, ekseli imetoka, grisi mpaka kwenye viwiko, na watoto sita wamemzunguka. Mmoja alishika kifuniko cha ndoo chenye gololi, akizihesabu kwa ncha ya kidole. Zilitakiwa 20, kumi kila upande. Zilikuwa 19. Binti yule alisema bila ile moja hafungi, na wote wakashuka sakafuni, na wale wageni waliokuwa ndio wanaingia wakashuka pia. Waliipata chini ya kabati lisilo na milango.